Nguo 31 kwenye kamba: jibu kwa fundi wa Mbagala

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 28, nipo Mbagala. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo miaka minne, nikaacha, na miezi mitano iliyopita nikachukua fremu yangu. Nina cherehani moja ya umeme, moja ya miguu, na binti mmoja ninayemfundisha kazi. Mwanzo wateja walikuwa wa kuhesabu, ila wiki saba hizi wamejaa: napokea nguo kama 14 kwa wiki, nyingi magauni na suti za vitenge. Wastani nashona kwa 30,000, nachukua nusu mbele. Wiki nzuri natoa nguo tisa au kumi. Nafungua saa kumi na mbili asubuhi, nafunga saa tatu usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, na bado nguo 31 zinaning'inia. Wiki iliyopita mteja alikosa gauni la sendofu ya mdogo wake, akanitukana mbele ya fremu hadi majirani wakatoka. Mume analalamika, na mtoto wangu wa miaka minne ama ananikuta nimelala ama nimeshaondoka. Kila Jumapili naandika ratiba, Jumanne imeshavunjika. Nipangeje muda wangu? Au nirudi tu kiwandani?

Marahaba mdogo wangu. Kiwandani usirudi kwanza.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, na jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Unapokea 14, unatoa tisa au kumi. Hapo kila wiki zinabaki nne na nusu. Zidisha kwa wiki saba ulizotaja: 31 na ushee. Ndizo hizo zilizo kwenye kamba. Nguo zako zimejihesabu zenyewe, na zingekuwa 31 hata kama ratiba yako ingeandikwa na malaika.

Ndiyo maana sitakufundisha kuamka saa tisa usiku. Unakaa kazini saa 15 kwa siku, siku sita, jumla saa 90. Hakuna saa za kuongeza hapo bila kumnyang'anya mtu, na wa kwanza kunyang'anywa ni huyo mtoto. Shida ipo pale mezani, dakika ile mteja anapouliza "lini?" na wewe unapofungua mdomo.

Sisi mafundi tuna ugonjwa wetu, nchi nzima wanaujua. Mteja anaingia na kitenge kwenye mfuko, anauliza lini, na sisi badala ya kuangalia kamba tunaangalia uso wake. Uso unataka Jumamosi, tunasema Jumamosi. Hatukusudii kudanganya. Wakati ule tunaamini kabisa. Jumamosi ikifika tunasema "njoo kesho", na kesho ya fundi watu wameitungia utani mpaka wamechoka.

Siku ya kumwahidi mteja itoke kwenye kamba. Hesabu yake ni ya darasa la nne: chukua nguo zilizo mbele yake, gawanya kwa nguo unazomaliza kwa wiki. Wewe una 31, unamaliza tisa (chukua tisa, hiyo kumi iache). Inakuja wiki tatu na nusu, karibu. Kwa hiyo mteja aliyekuja jana ukamwambia Jumamosi, Jumamosi yake halisi iko mwezi ujao. Hesabu hii watu wa viwanda na mabenki wanaitumia kila siku kupima foleni. Mmarekani mmoja, John Little, aliithibitisha kihisabati mwaka 1961, na uzuri wake ni kwamba haijali foleni ni ya watu, magari au magauni. Haimjali fundi mwenye bidii wala mvivu. Kinachoingia kikizidi kinachotoka, foleni inakua, basi.

Kiwandani hukuiona hesabu hii kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuifanya. Pale wewe ulikuwa labda wa kuunganisha mabega, una tageti yako kwa saa, vipande vinakuja vimekatwa, uzi umeletwa, mashine ikiharibika anaitwa mtu. Ulipoacha kazi ulidhani umeondoka na ufundi wako tu. Sasa ndani ya fremu moja wewe ndiye mkataji, msimamizi, mhasibu, mwalimu, mtu wa manunuzi na mtu wa kupokea matusi, na hakuna hata moja kati ya hizo uliloliwekea saa kwenye ratiba ya Jumapili. Naamini ratiba yako imeandikwa "Jumatatu: gauni la mama fulani, suti ya fulani, gauni la fulani." Hakuna mahali palipoandikwa "kueleza kwa nini gauni la fulani halijaisha."

Kwa hiyo kabla ya kupanga chochote, pima. Nunua daftari, lile la kawaida la mistari, na kwa wiki moja andika kila nguo unayoigusa: umeanza saa ngapi, umeacha saa ngapi, umekatishwa na nini. Usijirekebishe wiki hiyo, fanya kazi kama kawaida.

Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa tatu, nikiwa na fremu Morogoro. Ungeniuliza gauni la kitenge lenye bitana linachukua muda gani, ningekujibu saa mbili bila kupepesa macho. Daftari likasema hivi: kupima na kukubaliana mshono, dakika 25, kwa sababu mteja ana picha nne kwenye simu na anataka mikono ya hii, kifua cha ile. Kukata gauni na bitana, dakika 50. Kuunganisha kwenye cherehani, saa moja na dakika 20. Ovaloki, dakika 20. Zipu, dakika 25, na hapo nimeifumua mara moja. Pindo na vifungo, dakika 25. Pasi, dakika 15. Kumjaribisha na kubana kiuno, dakika 20. Jumlisha: saa nne na dakika 20. Nilikuwa nahesabu muda wa mguu kwenye cherehani na kuongeza kidogo, kana kwamba gauni linajikata lenyewe.

Usione aibu ukikuta na wewe umejidanganya hivyohivyo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu udhaifu huu mwaka 1979: binadamu akikadiria kazi yake anaiona ikienda vizuri tu, hata kama zile kumi za nyuma zote zilichelewa. Mwaka 1994 watafiti waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Wastani walisema siku 34. Wakaulizwa tena, na mambo yote yakienda kombo? Wakasema 49. Wastani walimaliza kwa siku 55 na nusu. Yaani hata makadirio yao ya balaa yalikuwa na matumaini mno. Dawa ni daftari, kwa sababu daftari halina matumaini.

Tuchukue saa zangu nne na dakika 20, tuzizidishe kwa nguo zako tisa au kumi. Ni kama saa 41. Wewe upo kazini saa 90. Hizo nyingine 49 ziko wapi?

Nyingine nazijua bila kuingia fremu yako. Kuna safari za Kariakoo kufuata zipu moja na bitana mita mbili, na Barabara ya Kilwa ikiwa na foleni hiyo ni nusu siku imekwenda. Kuna kutafuta mkasi. Kuna kubadilisha uzi: mweusi, mwekundu, mweusi tena, kwa sababu unashona kwa mpangilio wa nani amepiga kelele. Kuna simu. Kuna binti anayeuliza "dada, huku ndiyo mbele?" Na kuna kubwa kuliko zote, ambayo mafundi wengi hawaioni: nguo iliyochelewa inazaa kazi. Mwenye gauni aliyeahidiwa Jumamosi atakuja Jumamosi, atakuja Jumatatu, atapiga simu Jumanne, atakuja Jumatano na shangazi yake. Kila ujio ni dakika kumi hadi robo saa za kuomba radhi, kutafuta kitambaa chake kwenye lundo na kujifanya unakimalizia, na ukishaondoka kwenye ile uliyokuwa unashona, kurudi ni dakika nyingine. Ukiwa na nguo 31 zilizopitwa na siku, sehemu ya wiki yako inaliwa na watu wanaokuja kuuliza kwa nini wiki yako imeliwa.

Kwa hiyo tunaanza na kamba.

Jumapili hii, au Jumamosi jioni ukimaliza, shusha nguo zote 31 mezani. Tenga mafungu matatu. La kwanza, zilizobakiza kidogo: pindo, vifungo, pasi, zipu. Najua zipo, kila fundi aliyezidiwa anazo, kwa sababu kuanza nguo mpya kunampendeza mteja mpya na kumalizia hakumpendezi mtu. La pili, zenye tarehe: harusi, sendofu, kicheni pati, ubatizo, mahafali. La tatu, za kuvaa tu.

Fungu la kwanza ndilo la Jumatatu na Jumanne. Hapo kuna fedha yako. Kila nguo kwenye kamba ina 15,000 ambayo hujaipata, kwa hiyo kamba nzima imebeba 465,000. Nguo nane zenye kubakiza vifungo na pindo ni 120,000 ndani ya siku mbili. Hiyo utaihitaji, kwa sababu ninalokuambia baada ya hapa litakuuma: kwa wiki mbili usipokee nguo mpya hata moja.

Najua unachofikiria. Ukiacha kupokea, advansi haiingii, na advansi ya mteja wa leo ndiyo iliyonunua bitana ya mteja wa mwezi uliopita. Karibu sote tulipita hapo. Advansi ikishaliwa kwenye unga na luku, fundi analazimika kupokea kitenge kingine ili apate nauli ya kwenda kununua uzi wa kitenge cha kwanza, na hapo foleni haina mwisho tena, kwa sababu inalishwa na njaa. Ndiyo maana tunaanza na fungu la kumalizia. Salio linalotoka huko ligawe: bahasha ya vifaa vya nguo zilizobaki kwenye kamba, na bahasha ya nyumbani. Ya kwanza isiguswe kwa mboga.

Fungu la pili lipange kwa tarehe za shughuli. La tatu, piga simu. Ndiyo, piga wewe kabla hawajapiga wao: "Dada, nguo yako haijaisha, nilikuahidi vibaya. Itakuwa tayari tarehe fulani. Ukitaka kitambaa chako na fedha yako, njoo uchukue." Wachache watachukua. Waache waende, foleni imepungua. Wengi watasema sawa, tena kwa upole utakaokushangaza, maana tangu wazaliwe hawajawahi kupigiwa simu na fundi.

Wakati huo bandika karatasi mlangoni: napokea nguo mpya kuanzia tarehe fulani. Anayeleta kitambaa mwandike jina na namba, mpe tarehe ya kuja kupimwa. Kitambaa aondoke nacho. Kitambaa kikibaki kwako kimeshakuwa deni.

Sasa ukianza kupokea tena, pokea kwa nafasi. Wiki yako ina nafasi tisa. Uza saba. Mbili ziache wazi kabisa, na usizionee huruma. Zitajazwa na umeme kukatika, homa ya mtoto, kiuno kilichobana, binti aliyekata mkono wa kushoto mara mbili. Wiki ambayo hakuna lolote kati ya hayo, zitumie kushusha kamba. Chora daftari jingine, kila ukurasa wiki moja, mistari saba. Mteja akija unafungua, mstari wa kwanza ulio wazi ndiyo siku yake, na unamwandikia kwenye risiti siku mbili: ya kujaribu na ya kuchukua. Ya kujaribu iwe siku mbili au tatu kabla, kwa sababu nguo inayojaribiwa siku ya kuchukuliwa haichukuliwi.

Akisema "mimi naitaka keshokutwa", mwonyeshe ukurasa. Watu wanabishana na fundi, lakini daftari wanaliheshimu, sijui kwa nini. Unaweza kuweka nafasi moja ya dharura kwa wiki na kuitoza nusu bei juu. Ikishauzwa imeisha, hata aje dada wa mume wako. Kwa ndugu nitakuambia kweli: hawa ndio wavunja ratiba wakuu, maana nguo yao haina bei wala foleni. Mimi niliwapa mstari mmoja kila wiki mbili. Walinuna mwezi mmoja.

Na ukiona kurasa zimejaa wiki nne mbele, na hali ni hiyohiyo miezi miwili mitatu mfululizo, usiajiri upesi wala usirudie kulala saa saba. Pandisha bei kwanza. Gauni lenye bitana kwa 30,000, ukitoa uzi, zipu, bitana, umeme na kodi ya fremu, gawanya linalobaki kwa saa nne na dakika 20. Fanya hesabu hiyo mwenyewe ukiwa umekaa. Bei ndogo na foleni ndefu ni ndugu wa tumbo moja.

Siku yenyewe nitaipitia kwa kifupi, maana kila fundi ana yake. Kata asubuhi. Kukata ndiyo kazi isiyosameheka: mshono mbaya unafumuliwa, mkasi ukipita umepita. Saa kumi na mbili hadi saa tatu mlango nusu, simu kwenye droo, kata nguo za siku mbili kwa mpigo. Halafu shona kwa rangi za uzi: zote za uzi mweusi, kisha zote za bluu, ovaloki zote pamoja. Wateja wapangie jioni, saa tisa hadi saa kumi na mbili, na waambie hivyo kwenye risiti. Wanaokuja asubuhi binti awapokee na daftari. Meseji za mishono zijibu mara mbili kwa siku. Kariakoo iwe siku moja kwa wiki, na orodha yake iandikwe siku unapokata, kwa sababu hapo ndipo unapojua bitana ngapi, zipu inchi ngapi, vifungo vingapi. Na weka akiba ya nyuzi za rangi kumi zinazokwenda sana.

Hiyo ya nyuzi nina kisa chake. Magauni sita ya wasindikizaji wa bibi harusi, kitambaa cha zambarau, niliyapokea juu ya kazi nyingine tele kwa sababu mama wa bibi harusi alikuwa ananiangalia usoni. Saa sita mchana, siku ya ndoa yenyewe, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya msindikizaji wa sita, kavaa gauni, mimi namshonea zipu kwa sindano ya mkono, nje gari linapiga honi. Nilimchoma mara mbili. Uzi wa zambarau ulikuwa umeisha usiku, nilimalizia kwa mweupe. Picha zote za harusi ile yule binti amesimama kiubavu.

Umeme. Wewe una bahati ya cherehani ya miguu, lakini hata hiyo haisaidii kama hukujipanga. Weka kikapu, kiite cha giza ukipenda, na humo weka muda wote kazi za mkono: pindo, vifungo, vishikio, kufumua, kutoa nyuzi. Umeme ukikatika usikae kibarazani kungoja. Kikapu kinashuka, na ukataji ule wa kesho unaweza kuuanza mchana kama mwanga upo. Umeme ukirudi, pasi kwanza na ovaloki, kwa sababu ndizo zinazoutegemea zaidi.

Binti umpe kazi nzima nzima. Ukimwambia "nisaidie hapa" kila dakika tano, mmekuwa wawili mnaofanya kazi ya mmoja. Mpe ovaloki zote, pasi zote, vifungo vyote, na kumpokea mteja. Mfundishe jambo moja jipya kwa wiki, siku moja, saa moja iliyoandikwa kwenye daftari, na wiki hiyo kubali nafasi moja imeliwa na mafunzo. Baada ya miezi mitatu atakurudishia mbili.

Nimefika kwenye kalenda ya mwaka, na hapa ndipo fundi mpya anapopigwa kwa sababu hajawahi kuuzunguka mwaka mzima akiwa mwenyewe. Umefungua miezi mitano iliyopita, kwa hiyo kuna misimu hujaiona ukiwa upande huu wa meza.

Sare za shule zinakuja Desemba na kumalizika Januari shule zikifunguliwa, zote kwa mara moja, na juu yake Krismasi. Mahafali ya kidato cha nne yanatangulia mitihani ya Novemba. Harusi nazo zina tabia yake: Waislamu wengi hawaoi Ramadhani, Wakristo wengi hawafungi ndoa Kwaresma. Mwaka 2026 vipindi hivyo viwili vilianza wiki moja, katikati ya Februari, na 2027 vitakutana tena mwanzoni mwa Februari. Maana yake kwako: wiki kadhaa harusi zinakauka pande zote mbili, kisha baada ya Pasaka zinamwagika zote kwa pamoja, kicheni pati na sendofu zikiwa zimetangulia. Huo ukame usiuchukie. Ndio wakati wa kumwita fundi wa mashine asafishe cherehani zako, kumfundisha binti zipu, kwenda kulala kwa mama yako.

Idi ndiyo inayohama. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Idi el-Fitri inarudi nyuma kila mwaka: 2024 ilikuwa Aprili 10, 2025 mwisho wa Machi. Ukiendelea na hesabu, kufikia 2031 itaangukia Januari, juu kabisa ya sare za shule. Una muda wa kujiandaa, lakini iandike. Kwa nguo za Idi weka siku ya kufunga kupokea. Mimi yangu ilikuwa Ramadhani 15. Kumbuka pia kwamba mwezi ule saa zenyewe zinapungua: kama unafunga, mikono inalegea baada ya alasiri, na wateja wanakuja baada ya futari. Badala ya nafasi saba, uza tano.

Kwenye kurasa hizohizo andika siku za serikali. TRA wakishakukadiria, kodi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Hiyo ya Desemba imekaa vibaya sana kwetu, katikati ya Krismasi na sare. Lipa tarehe kumi, kabla hujazama. Kodi ya fremu kadhalika: mwezi kabla ya kuisha uwe umeandikwa, kwa sababu mwenye fremu hana foleni.

Kuhusu nyumbani sitasema mengi, mume wako simjui. Ila najua kushona usiku. Saa mbili usiku na kuendelea, kati ya nguo tatu nilizogusa, moja niliifumua asubuhi. Kuifumua na kuishona upya kulichukua muda mrefu kuliko kama ningelala na kuishona asubuhi. Funga saa kumi na mbili na nusu. Wiki mbili za kwanza utahisi unaiba. Mtoto wako wa miaka minne hajui kusoma saa, lakini anajua mama kaja na yeye bado yuko macho. Na Jumapili usiandike tena ratiba. Iandike Jumamosi saa kumi, dukani, kamba ikiwa mbele yako.

Baada ya wiki mbili niandikie: nguo ngapi zimebaki, na gauni lako moja linachukua saa ngapi kwa daftari. Kama utakuta saa tatu, umenishinda, na nafasi zako zitakuwa zaidi ya tisa. Kama utakuta tano, nafasi zitapungua, na bei itabidi tuizungumze upya.

Limebaki la yule wa sendofu. Gauni lake nadhani bado lipo kwako, hakuna anayerudi kuchukua nguo ya shughuli iliyopita. Limalizie vizuri, hata kama halitavaliwa. Piga pasi, likunje. Rudisha fedha yake yote, na ongeza ya kitambaa ukiweza. Usimpe bodaboda apeleke, nenda mwenyewe jioni, umkute nyumbani. Acha aseme yaliyobaki kifuani. Na akikuuliza ilikuwaje, usimwambie umeme ulikatika.